Fungu la Diski na Daftari Lisilofutwa: Historia ya Nafasi katika Seva za Hifadhidata

Mwezi Oktoba mwaka 2017 watengenezaji wa PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata zinazotumika sana duniani, walitoa toleo la 10 la programu yao. Miongoni mwa mabadiliko yaliyotajwa katika taarifa ya toleo hilo palikuwa na moja ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo mno: saraka mbili zilibadilishwa majina. Iliyokuwa ikiitwa pg_xlog ikaitwa pg_wal, na iliyokuwa ikiitwa pg_clog ikaitwa pg_xact. Kazi ya saraka hizo haikubadilika. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kilugha tupu: baadhi ya watumiaji, walipoona silabi «log» katika majina hayo, walidhani kuwa ndani yake mna taarifa za kila siku zisizo na umuhimu, wakayafuta mafaili kwa mkono, na data zao zikapotea pasipo njia ya kuzirudisha.

Kwa sisi ambao kazi yetu ni maneno, hapana budi kulitazama jambo hili kwa makini. Tumezoea kusikia kwamba istilahi ni pambo la mwisho, kwamba mtambo ukishatengenezwa na kufanya kazi, jina lake ni shauri la wanalugha kubishana wakati wa mapumziko. Hapa wahandisi wenyewe walisema kinyume. Walikubali kuyavuruga maelekezo na programu ndogondogo za maelfu ya watu waliokuwa wamezoea majina ya zamani, kwa sababu waliona kuwa jina baya linaharibu mali.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo: nafasi ya diski ilivyoanza kuhesabiwa, kwa nini iligawanywa mafungu, na kwa nini hifadhidata huweka daftari ambalo halipaswi kuguswa hata diski ijae vipi. Msomaji asiyewahi kuiona seva asiwe na hofu. Mambo yenyewe yanafanana sana na yale ya ghala, bajeti na jahazi.

Nafasi inayoombwa mapema

Diski ya kwanza ya kompyuta iliyouzwa kibiashara ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, kutoka katika maabara yake ya San Jose, California. Ilikuwa sehemu ya mtambo ulioitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha sentimita 61 kila moja, zikizunguka pamoja katika mhimili mmoja mara 1,200 kwa dakika, na uzito wake wote ulikuwa yapata tani moja. Iliweza kuhifadhi herufi milioni 5. Kwa vipimo vya baadaye kiasi hicho ni kidogo kuliko picha moja ya rangi iliyopigwa kwa simu, lakini kwa wakati ule kilikuwa badala ya makabati mengi ya kadi.

Nafasi ilipokuwa ghali kiasi hicho, haikuwezekana mtu kuitumia ovyo. Katika mfumo endeshi wa OS/360, uliotangazwa na IBM mwaka 1964 pamoja na kompyuta za System/360, mwandishi wa programu alipaswa kuiomba nafasi kabla ya kazi yake kuanza, na aliiomba kwa kipimo cha mitambo: njia za sumaku katika sahani, au silinda. Alitaja kiasi cha kwanza, kisha kiasi cha nyongeza endapo cha kwanza kingekwisha. Nyongeza zilikuwa na ukomo. Faili moja halikuweza kuwa na vipande zaidi ya 16 katika diski moja. Aliyeomba kidogo, kazi yake ilikatwa njiani, na katika karatasi ya majibu alikuta alama ya B37, D37 au E37. Waliofanya kazi na mitambo hiyo walizijua alama hizo kama mwalimu anavyolijua kengele la saa nne. Aliyeomba kupita kiasi hakuadhibiwa na mtambo, bali wenzake walikosa nafasi.

Naona inafaa tuutaje utaratibu huu kwa sababu umesahaulika, na kwa kusahaulika kwake watu hudhani kwamba diski kujaa ni ajali. Ilikuwa tangu mwanzo jambo la kukadiriwa. Mtumishi wa serikali aliyewahi kuandaa makisio ya idara yake anauelewa moyo wa OS/360 kuliko vijana wengi wanaosomea kompyuta.

Mafungu

Kugawa diski moja ili ionekane kama diski kadhaa kulianza katika miaka ya 1960. Katika kituo cha IBM cha Cambridge, Massachusetts, palitengenezwa mfumo ulioitwa CP-67, ambao ulimpa kila mtumiaji kompyuta yake ya kuwaziwa, na pamoja nayo diski yake ndogo. Kwa hakika diski hiyo ndogo ilikuwa silinda kadhaa zilizofuatana katika diski kubwa ya wote, lakini mwenyewe aliiona kama diski kamili, na hakuweza kuuvuka mpaka wake.

Kwingineko mgawanyo ulikuja kwa sababu isiyo na heshima kubwa: tarakimu hazikutosha. Mfumo wa Unix, katika toleo lake la sita la mwaka 1975, uliandika namba ya kila kipande cha diski kwa biti 16. Kwa biti 16 huwezi kuhesabu zaidi ya vipande 65,536, na kila kipande kilikuwa na baiti 512. Zidisha, utapata baiti 33,554,432, yaani megabaiti 32. Lakini diski ya RP03 ya kampuni ya Digital ilikuwa na nafasi ya baiti milioni 40 hivi. Diski ilikuwa kubwa kuliko hesabu, ilibidi ikatwe. Orodha ya mipaka iliandikwa ndani ya programu iliyoendesha diski yenyewe, hata ikawa anayetaka kuusogeza mpaka hana budi kuitengeneza upya sehemu hiyo ya mfumo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kosa hilohilo la hesabu lilirudi miaka minane baadaye katika kompyuta ndogo. IBM ilipoitoa kompyuta ya PC XT mwezi Machi 1983, ikiwa na diski ya megabaiti 10, mfumo wa DOS toleo la 2.0 ulikuja na programu ya FDISK ya kugawa diski, na jedwali la mipaka lenye nafasi nne tu. Hapo pia namba za vipande zilikuwa za biti 16, na fungu moja halikuweza kuzidi megabaiti 32. Diski zilipokua, mwenye diski kubwa alilazimika kuikatakata. Mwaka 1987 toleo la 3.3 liliruhusu fungu moja liwe na mafungu mengine ndani yake. Jedwali lile la 1983 liliandika namba zake kwa biti 32, likaishi muda mrefu, hadi diski zilipozidi baiti 2,199,023,255,552. Ndipo lilipohitajika jedwali la namna nyingine.

Huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Unix iliendelezwa, mafungu yalipewa herufi. Fungu a lilikuwa la mfumo wenyewe, b la kumbukumbu inayohamishwa kwa muda kutoka katika kompyuta kwenda kwenye diski, na c lilikuwa diski nzima. Mazoea haya yalionyesha sababu ya pili ya kugawa, ambayo ndiyo iliyobaki baada ya upungufu wa tarakimu kwisha: ulinzi. Barua zikifurika katika fungu lao, mfumo katika fungu lake hauguswi. Mtumiaji mmoja akijaza sehemu yake kwa faili lisilo na mwisho, wengine wanaendelea na kazi.

Hapa tusimame kidogo kwenye istilahi. Baadhi ya tafsiri za programu zimetumia neno «kizigeu». Neno hilo ni zuri, na lina uhai wake: ni pazia, ubao au ukuta mwepesi unaotenganisha sehemu mbili za chumba. Tatizo ni kwamba kizigeu ni kile kitenganishacho, si kile kilichotengwa. Mtu hasemi kuwa analala katika kizigeu. Na fundi wa seva anaposema kuwa sehemu ya tatu imejaa, hana maana ya ukuta; ana maana ya chumba. Kiingereza kinalivumilia jambo hili kwa sababu neno lake lina maana zote mbili, la mgawanyo na la ukuta. Hatuna haja ya kurithi utata huo.

Pendekezo la mwandishi ni «fungu la diski». Katika lugha ya bajeti ya serikali ya Tanzania, fungu ni kiasi kilichotengwa kwa jina la wizara au idara, na sifa yake kuu ni kwamba hakihamishwi kwenda kwingine kwa matakwa ya mtu mmoja, bali kwa taratibu. Ndivyo ilivyo katika diski. Hata kasoro ya mafungu ni ileile katika bajeti na katika diski: mwisho wa mwaka fungu moja limekauka na jirani yake lina salio, na aliyekaukiwa hawezi kulifikia. Ili kupunguza kasoro hiyo, wahandisi walitengeneza njia ya kuziunganisha diski kadhaa ziwe hazina moja, kisha kukata mafungu yanayoweza kuongezwa bila kubomoa yaliyopo. IBM iliiweka njia hiyo katika mfumo wake wa AIX mwaka 1990, na ilifika katika Linux mwaka 1998. Aliyezoea kuomba uhamisho wa fedha baina ya mafungu atalielewa jambo hili bila mwalimu.

Berkeley wana neno jingine la kutufundisha, nalo ni akiba. Katika makala ya mwaka 1984 ya McKusick, Joy, Leffler na Fabry kuhusu mfumo mpya wa mafaili, ilielezwa kwamba sehemu ya nafasi, kwa kawaida asilimia 10, isitolewe kwa watumiaji wa kawaida. Haikuwa ubahili. Mfumo ule ulijaribu kuviweka vipande vya faili moja karibu karibu ili kichwa cha kusomea kisisafiri mbali. Diski ikikaribia kujaa, vipande hutawanywa popote palipobaki, na mwendo wa kazi hushuka sana. Mfumo wa ext2 wa Linux, uliotoka mwaka 1993, uliendeleza desturi hiyo kwa kutenga asilimia 5 kwa msimamizi peke yake. Basi diski inaposema kuwa imejaa, mara nyingi bado ina chembe iliyofichwa, na msimamizi mwenye busara huitumia kujiokoa, si kuendelea na safari kama kwamba hakuna kilichotokea.

Wapo pia wasimamizi wanaoweka faili kubwa lisilo na maana yoyote ndani ya fungu, ili siku ya dhiki walifute na wapate pumzi. Mabaharia wetu wana neno la kitu kizito kinachobebwa si kwa thamani yake bali kwa uzito wake, kisha hutupwa inapobidi: farumi. Sioni neno bora kwa faili hilo.

Daftari linalotangulia

Sasa tuingie katika hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata. Chukua mfano wa shilingi 50,000 zinazohamishwa kutoka akaunti ya kwanza kwenda ya pili. Kompyuta inapaswa kupunguza hapa na kuongeza pale. Umeme ukikatika katikati ya vitendo hivi viwili, fedha zitakuwa zimetoka na hazikufika. Muamala, kwa maana ya kompyuta, ni ahadi kwamba vitendo vyote viwili vitafanyika au hakuna kitakachofanyika.

Njia ya kuitimiza ahadi hiyo ilifafanuliwa vizuri katika miaka ya 1970, hasa katika kazi za Jim Gray wa IBM, ambaye mihadhara yake ya mwaka 1978 ilisomwa na kizazi kizima cha watengenezaji. Kanuni yake ni rahisi kuieleza: kabla ya kuibadilisha data mahali pake, andika kwanza katika daftari kile unachokusudia kubadilisha, na uhakikishe kwamba maandishi hayo yamefika kwenye diski. Muamala huhesabiwa kuwa umekamilika pale daftari linapokuwa salama, hata kama data zenyewe bado hazijaguswa. Umeme ukirudi, programu husoma daftari tangu kituo cha mwisho na kuyatekeleza upya yaliyokuwa yameahidiwa.

Msomaji aone hapa jambo ambalo watu wengi hawalijui. Daftari hili si masimulizi ya yaliyopita. Kwa muda fulani daftari ndilo lenye ukweli, na data zilizo mahali pake ndizo zilizochelewa. Anayelichana daftari hafuti habari ya malipo, anafuta malipo.

PostgreSQL ilitokana na mradi ulioanzishwa Berkeley mwaka 1986 na Michael Stonebraker, ambaye kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Ingres. Wazo lake lilikuwa kwamba safu ya zamani isifutwe inapobadilishwa. Iandikwe safu mpya kando yake, na ya zamani ibaki. Kwa hiyo programu ilihitaji tu kujua ni miamala ipi iliyokamilika na ipi iliyokatika. Habari hiyo ilihifadhiwa mahali palipoitwa pg_log. Kila muamala uliandikiwa hali yake kwa biti mbili: unaendelea, umekamilika, au umebatilishwa. Ni vigumu kupata maandishi mafupi kuliko hayo yenye uzito mkubwa kiasi hicho. Bila biti hizo mbili, safu iliyomo katika jedwali haijulikani kama ni ya kweli au ni masalio ya jambo lililokatazwa.

Mwaka 2001, katika toleo la 7.1, daftari linalotangulia liliongezwa, likaandikwa katika mafaili ya megabaiti 16 kila moja, na saraka yake ikaitwa pg_xlog. Mwaka uliofuata, katika toleo la 7.2, rejista ya hali za miamala ikahamishiwa katika saraka ya pg_clog. Kisha, toleo la 8.0 lilipotoka mwaka 2005, seva iliweza kukusanya yenyewe taarifa zake za kawaida, kama vile nani ameingia, swali gani limekosewa, na saa ngapi seva imewashwa. Na saraka iliyopendekezwa kwa taarifa hizo ikaitwa, kwa mara nyingine, pg_log.

Matokeo yake yalikuwa kwamba kwa zaidi ya miaka 10 palikuwa na ndugu watatu wenye majina yaliyotofautiana kwa herufi moja: pg_log, pg_xlog na pg_clog. Yaliyomo katika wa kwanza yaliweza kufutwa bila madhara. Yaliyomo katika wa pili na wa tatu yakifutwa kwa mkono, hifadhidata imeangamia au imekuwa na mashaka yasiyoondoka. Hakuna aliyepanga mtego huo. Kila jina lilikuwa na maana kwa aliyelitoa siku alipolitoa.

Mtego ulifanya kazi wakati diski inapojaa, na ndiyo sababu habari hizi mbili, ya nafasi na ya majina, haziwezi kutenganishwa. Fungu lenye daftari likijaa, PostgreSQL haina mahali pa kuandika ahadi mpya, nayo husimama yenyewe kwa makusudi. Kusimama huko ni salama, hakuna kilichopotea. Nafasi ikiongezwa, huwashwa na kuendelea. Lakini ofisi nzima imesimama, simu zinalia, na msimamizi anatazama orodha ya saraka akiuliza ni ipi iliyokula nafasi. Anaikuta moja imejaa mamia ya mafaili ya ukubwa uleule, majina yake ni tarakimu na herufi 24 zisizosomeka, na jina la saraka linamwambia, kwa Kiingereza alichokizoea, kwamba hizi ni taarifa za zamani. Anazifuta. Diski inapata nafasi. Seva haiwaki tena.

Mafaili yalikuwa yamerundikana kwa sababu. Huenda amri ya kuyanakili kwenda kwenye hifadhi ya nje ilikuwa ikishindwa, na seva ilikataa kuyaondoa kabla nakala haijapatikana. Au, tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, seva ya pili iliyoahidiwa kusubiriwa ilikuwa imezimwa na kusahauliwa, na ya kwanza ikaendelea kuitunzia kila kitu kwa uaminifu hadi ikajaa. Tiba ilikuwa kuiondoa sababu, si kuyafuta mafaili. Baadaye, katika toleo la 13 la mwaka 2020, msimamizi alipewa uwezo wa kuwekea uaminifu huo ukomo. Wahenga wa kazi hii walikuwa wamekwisha kushauri kwamba daftari liwekwe katika fungu lake peke yake. Kwa diski za sahani ushauri huo ulileta pia kasi, kwa kuwa daftari huandikwa kwa mfululizo na kichwa cha kuandikia hakihitaji kurukaruka.

Oracle nayo haikuokoka kabisa na mkanganyiko huu. Mafaili yake ya daftari kwa mazoea yamekuwa yakiitwa redo01.log, redo02.log na kuendelea, na msimamizi mgeni anayefagia diski kwa kutafuta kila faili lenye mwisho wa .log anayakuta humo humo.

Neno lenyewe

Neno la Kiingereza «log» asili yake ni gogo la mti. Mabaharia wa Ulaya walifunga kipande cha ubao kwenye kamba yenye mafundo, wakakitupa majini, na kwa kuhesabu mafundo yaliyopita mkononi katika muda fulani walijua mwendo wa chombo. Mwendo huo uliandikwa katika kitabu, kitabu kikapewa jina la gogo, na hatimaye kila orodha ya matukio iliyopangwa kwa saa ikaitwa hivyo. Sitashangaa siku moja kuona tafsiri ya mashine ikisema kwamba seva imeandika katika gogo.

Lugha yetu haikulala usingizi katika jambo hili. Pwani ya Afrika Mashariki lipo neno «batli», la mabaharia, lenye maana hiyohiyo ya kipimo cha mwendo na kitabu cha safari. Ni neno lililo tayari, fupi, lisilo na kazi nyingine ya kuligombania. Hata hivyo watafsiri wengi wamekuwa wakiandika «kumbukumbu». Naliona hilo kuwa kosa, na kosa lenye hatari. Kumbukumbu tayari ni uwezo wa kompyuta wa kukumbuka. Ni kumbukumbu za mkutano. Ni nyaraka za kale. Na katika matumizi yote hayo mawili ya mwisho, ni jambo lililokwisha kutokea. Ukiliita daftari linalotangulia «kumbukumbu za miamala» umemwambia msimamizi wa Dodoma au Mombasa uongo uleule ambao pg_xlog ilimwambia mwenzake wa ng'ambo.

Twaweza kufanya vizuri zaidi kwa sababu tumechelewa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981 elimu hii ilikuwa bado ngeni kwetu. Wakati majina haya yakiumuka moja juu ya jingine huko yalikotoka, sisi hatukuyahitaji. Baadaye tukatumia nguvu nyingi kujadili kama mtambo wenyewe uitwe kompyuta au tarakilishi, mjadala ambao haukumpotezea mtu hata shilingi. Majina ya ndani ya mtambo, yale ambayo mtu huyasoma usiku wa manane akiwa na amri ya kufuta mkononi, hatukuyagusa.

Napendekeza basi kwamba vitu vitatu vipate majina matatu yasiyofanana hata kwa sauti. Taarifa za kawaida za seva ziitwe batli. Batli ya mwezi uliopita yaweza kufutwa kama ilivyo desturi. Mahali pa ahadi paitwe daftari tangulizi, kwa kuwa kutangulia ndiyo sifa yake, na kwa kuwa katika maduka na ofisi zetu daftari ni kitu chenye deni ndani yake, hakichanwi. Zile biti mbili mbili ziitwe rejista ya miamala, kwa mfano wa rejista ya vizazi au ya viwanja, ambayo kila karani anajua kuwa ikipotea haki za watu hupotea nayo.

Pingamizi linalotegemewa ni la walimu: kwamba mwanafunzi atakutana na neno moja katika vitabu vya Kiingereza, na ni bora aone neno moja katika Kiswahili pia. Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu kabla ya mwaka 2017. Waliolianzisha neno hilo moja wamekwisha kuliacha. Katika toleo lilelile la 10 hata saraka ya taarifa za kawaida haikuitwa tena pg_log, bali log tu, na majina ya amri zilizokuwa na xlog yakabadilishwa yakawa na wal. Mwalimu akifundisha majina matatu atakuwa karibu zaidi na vitabu vipya kuliko akifundisha moja.

Limebaki neno moja ambalo linahusu nafasi moja kwa moja. Kwa kuwa PostgreSQL huacha safu za zamani ndani ya jedwali, ipo amri ya kuziondoa, ambayo jina lake limetokana na mashine ya kunyonya vumbi. Tafsiri nyingi husema «safisha», na msimamizi ambaye diski yake imejaa huitoa amri hiyo akitarajia nafasi irudi. Aghalabu hairudi. Mahali palipokuwa na safu za zamani huwekwa wazi kwa ajili ya safu mpya za jedwali lilelile, lakini faili hubaki na ukubwa wake. «Kufagia» ni neno linalofaa zaidi, maana nyumba ikifagiwa haipungui ukubwa. Ipo amri ya pili, kali zaidi, inayolipunguza faili kweli. Tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010 hufanya hivyo kwa kuandika nakala mpya ya jedwali zima kisha kuibomoa ya zamani. Hiyo yafaa iitwe «kujenga upya», ili anayeisoma ajiulize kwanza kama ana kiwanja cha nyumba ya pili kabla ya kuivunja ya kwanza.